Mvi zinazokatika hazihitaji dawa ya kukuza nywele

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuzungumze na wasomaji wenye mvi ambao kila wakichana wanakuta vipande vya nywele vimejaa kwenye chanuo, na kila wakiuliza wanaambiwa wanunue mafuta ya kukuza nywele. Sisi ni wasusi, na ushauri huo tunausikia kila siku, hata katika kurasa za urembo za magazeti. Umekosea mahali pa kuanzia. Nywele huota kutoka kwenye ngozi, kwa watu wengi kiasi cha sentimita moja kwa mwezi, na mvi nazo huota hivyo hivyo. Uharibifu uko upande wa pili, kwenye ncha. Zikiota sentimita moja huku zikikatika sentimita moja, mwenyewe atasema nywele zake zimegoma kurefuka. Hazijagoma. Kumpa dawa ya mizizi ni kumwagilia mti maji wakati mbuzi wanamaliza matawi.

Basi kabla ya kununua chochote, okota nywele zilizobaki kwenye chanuo uzitandaze juu ya kitambaa. Nyeusi ziweke juu ya kitambaa cheupe na mvi juu ya kitambaa cheusi, la sivyo hutaziona. Tazama ncha zote mbili za kila unywele. Ukiona kifundo cheupe upande mmoja, kidogo kama kichwa cha pini, unywele huo umemaliza muda wake na umetoka na kitako chake. Mtu mzima hupoteza nywele 50 hadi 100 za namna hiyo kwa siku, na anayefumua misuko ya wiki kadhaa hukuta fungu la kutisha kwa sababu zote zilinasa humo humo. Zikitoka kwa wingi usio wa kawaida, zikiwa na vifundo, rudisha mawazo nyuma miezi miwili au mitatu: homa kali, kujifungua, upasuaji na kupungua uzito ghafla huonyesha matokeo yake kichwani baada ya muda huo. Lakini ukiona vipande vifupi visivyo na kifundo upande wowote, hizo zimekatika, na barua hii inahusu hizo.

Chukua kipande kimoja cha aina hiyo ukiinue kwenye mwanga. Kwenye unywele mweusi unaweza kuona vidoa vyeupe vilivyopangana kama punje za chumvi. Si mba, kwa sababu ukipangusa havitoki. Pale kwenye kidoa gamba la nje limeshang'oka na nyuzi za ndani zimechanua, mfano wa brashi mbili zilizosukumwa mpaka zikaingiliana, na unywele hukatikia papo hapo. Kwenye mvi vidoa hivyo havionekani, hivyo tumia vidole: vuta unywele taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada, na pale penye kidonda utahisi mkwaruzo. Kisha lowesha unywele mwingine na uuvute kidogo kidogo. Ulio na afya hurefuka karibu theluthi ya urefu wake na hurudi ukiuachia. Ukikatika mara tu unapouvuta, umekauka. Ukirefuka kama mpira wa kutafuna na usirudi, umeharibiwa na dawa au moto. Hapo kondishona yenye protini inaweza kuushikilia kwa muda, ila mwisho wake ni mkasi.

Sasa mvi na ule ukaidi wake. Rangi ya nywele hutengenezwa na seli zilizo chini kabisa kwenye shina. Seli hizo zikichoka, unywele unaofuata huota bila rangi, na ule uliokwisha kuota mweusi hubaki mweusi mpaka utoke. Kwa hiyo mvi ni unywele mpya, na kuung'oa hakusababishi saba kuota mahali pake kama watu wanavyosema. Utaota mmoja ule ule, mweupe tena, na ukiendelea kung'oa mwaka baada ya mwaka shina linaumia na linaweza kuacha kuotesha kabisa. Kuikata mvi karibu na ngozi nako hakusaidii: kinachobaki ni kisiki kifupi kigumu kinachosimama wima na kuonekana kuliko mwanzo.

Umri ule ule unaoleta mvi hupunguza pia mafuta ya asili yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa. Rangi iliyokuwa ndani ya unywele ilikuwa ikiukinga na jua, nayo haipo tena. Tena mvi nyingine huota zikiwa nene au zimejipinda tofauti na nywele zinazozizunguka, ndiyo maana hazilali pamoja nazo. Mtu akiona hivyo hukimbilia brashi ngumu, jeli ya kukausha na pasi ya moto, vitu vitatu ambavyo vyote huzidisha ukavu. Mvi iliyosimama inataka maji na kulainishwa.

Tuanzie kwenye kuosha, maana nywele nyingi hukatikia siku hiyo. Mara moja kwa wiki au kila siku 10 inatosha kwa nywele kavu zilizojisokota. Nusu saa kabla ya kuosha, paka mafuta ya nazi kwenye urefu wa nywele na ncha, vijiko viwili vya chakula kwa nywele zinazofika mabegani. Tunayataja ya nazi kwa makusudi: yana uwezo wa kupenya ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha, na mafuta ya madini hayafanyi kazi hiyo. Gawa nywele mafungu manne mpaka manane na kila fungu ulibane. Shampuu ipake kwenye ngozi ya kichwa peke yake, usugue kwa nyama za vidole bila kucha. Povu litakaposhuka wakati wa kusuuza litatosha kusafisha urefu wa nywele. Zikirundikwa zote utosini na kusuguliwa kama nguo, hufungana mafundo ambayo hayafunguki bila kukata.

Sabuni ya kipande, ya kufulia au ya kuogea, haifai. Ukali wake wa kialkali, pH (kipimo cha uchachu au ualkali) ya 9 au 10, huinua magamba ya unywele yaliyolaliana kama vigae vya paa, na kwenye maji ya chumvichumvi huacha utando ambao kwenye mvi huonekana kama vumbi. Magadi ya kupikia nayo tunayaweka kundi hilo hilo. Aliyekuwa akitumia sabuni anaweza kusuuza mwishoni kwa siki, kijiko kimoja cha chakula katika nusu lita ya maji, na magamba yatalala. Siki isiyochanganywa na maji inachoma, na kichwa chenye vidonda kisipakwe hata hiyo iliyochanganywa.

Kondishona ndiyo isiyopaswa kufanyiwa uchoyo. Paka fungu moja moja mpaka unywele uteleze mkononi, acha dakika 5 hadi 10, kisha fungua mafundo kwa vidole kwanza. Ndipo lije chanuo lenye meno mapana, likianzia sentimita chache za mwisho, na kila zinapofunguka unapanda juu kidogo. Shika fungu kwa mkono mwingine juu ya mahali unapochana ili mvuto usifike kwenye ngozi. Anayeanzia juu kushuka chini anakusanya mafundo yote kuwa fundo moja kwenye ncha, kisha analivuta kwa nguvu. Ule mlio wa kukwaruza anaousikia ni nywele zinazokatika. Kwa nywele za kipilipili, kuchana kavu ni kuzikata. Nywele zilizonyooka huchanwa zikiwa zimekaribia kukauka, kwa sababu unywele uliolowa hunyumbuka zaidi na ni rahisi kuupitiliza kiwango.

Usizikaushe kwa kusugua na taulo. Kamua kwa fulana kuukuu ya pamba. Nywele zikiwa bado na unyevu, paka krimu isiyosuuzwa, kiasi cha harage moja kwa kila fungu, na juu yake matone machache ya mafuta ya kuzuia maji yasitoke haraka. Sasa ndio wakati wa kuzilaza zile zinazosimama pembeni na mbele: zipange kwa kiganja kuelekea upande unaoutaka, funga kitambaa cha satini bila kukaza sana, acha dakika 20 au mpaka zikauke. Unywele hushika umbo unalokaukia, kwa hiyo muda huo chini ya kitambaa una faida kuliko jeli inayopakwa juu ya nywele kavu. Satini hiyo hiyo ndiyo ya kulalia usiku, kwa sababu foronya ya pamba hunyonya mafuta na kusugua ncha hadi asubuhi.

Moto. Pasi ya nywele isiguse unywele wenye unyevu hata kidogo, maana maji yaliyo ndani huchemka na kuacha viputo, na palipo na kiputo patavunjika. Ukisikia mlio wa kukaanga au ukaona mvuke, simama. Weka nyuzi 180 au chini yake, pitisha mara moja. Kwenye mvi kuna adhabu ya ziada: hugeuka njano. Shampuu ya zambarau huficha njano inayotokana na moshi, jua au madini ya maji, mara moja kwa wiki kwa dakika chache, lakini unywele ulioungua utabaki umeungua chini ya zambarau hiyo.

Rangi na dawa za kulainisha ndizo zinazotutia wasiwasi zaidi. Mvi hushika rangi kwa taabu, na watu wengi hujibu kwa kuongeza ukali. Peroksaidi, ile dawa inayochanganywa na rangi, ya asilimia 6, ambayo chupa yake huandikwa namba 20, inatosha kufunika mvi kama utaiacha muda wote ulioandikwa kwenye boksi. Haraka ndiyo huharibu kazi, wala hakuna haja ya kupanda hadi asilimia 12. Unaporudia baada ya wiki nne hadi sita, paka mashina mapya tu. Kila safari rangi inapopitishwa mpaka kwenye ncha, ncha hizo zinapokea dawa ambayo zimekwisha kupewa mara nyingi.

Dawa ya kulainisha ni kali kuliko rangi, kwa kawaida pH yake inazidi 12, na huvunja vifungo vinavyoupa unywele nguvu. Irudiwe baada ya wiki 8 hadi 12, kwenye nywele zilizoota tu. Ikipanda juu ya zile zilizolainishwa zamani, nywele zitakatikia pale pale zinapokutana mbili hizo, na utaona mstari umezunguka kichwa. Rangi na dawa ya kulainisha zisikutane siku moja. Weka wiki mbili katikati, na kama nywele zimeshaanza kukatika, chagua kimoja uache kingine.

Kuhusu hina, jani halisi lililosagwa hutoa rangi ya machungwa kwenye mvi, basi. Unga unaoitwa hina nyeusi na kuleta weusi kwa dakika chache umechanganywa na kitu kingine, mara nyingi kemikali ya PPD, ambayo imo pia kwenye piko na katika rangi nyingi za kudumu za boksini. Anayedhurika nayo huvimba uso na kutoka malengelenge, na mwili ukishaikataa kwa kawaida huikataa maisha yote. Hina nyingine hutiwa chumvi za metali, ambazo zikikutana na peroksaidi huchemka kwa joto na kuyeyusha nywele. Kwa hiyo paka tone la rangi nyuma ya sikio au kwenye kunjo la kiwiko, subiri saa 48, hata kama ni rangi uliyoizoea.

Misuko ikikupa kichwa kuuma au vipele vidogo kwenye mashina, imekazwa kupita kiasi. Ifumue siku hiyo hiyo. Mvi huanzia pembeni kwa watu wengi, na pembeni ndipo misuko huvuta zaidi. Nywele zinazong'oka hapo hurudi kama mvuto utaachwa mapema, lakini ngozi ikishakuwa nyororo na inayong'aa, vitundu vyake vimefungwa. Kukatika kunakoanzia utosini na kupanuka kama duara, kukiwa na muwasho au kuchoma, mpeleke mwenye nako kwa daktari wa ngozi bila kujaribu mafuta kwanza. Mvi zilizojaa kabla ya miaka 30 kwa mtu mweusi, hasa pamoja na uchovu, ni sababu ya kupima damu: vitamini B12, tezi ya shingo na madini ya chuma. Vidonge vya biotini (aina ya vitamini B) havimsaidii asiyepungukiwa nayo, na huvuruga vipimo vya damu, vikiwemo vya tezi na vya moyo, hivyo mwambie daktari kama unavimeza.

Ombi letu kwako, Ndugu Mhariri, ni dogo. Kila mnapochapa maelekezo ya kupaka rangi mvi, chapeni pamoja nayo namba ya peroksaidi inayohitajika na yale maneno ya kusubiri saa 48. Ni mstari mmoja tu wa gazeti.

Ni sisi wasomaji wenu,
Wasusi