Risala ya Kamati ya Wazazi kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Kidato cha Nne

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Diwani, Mwenyekiti wa Bodi, Mkuu wa Shule, wazee wetu, wazazi na wahitimu: shikamooni mnaostahili shikamoo, na wengine habari za asubuhi.

Tunakushukuru kwa kukubali kupanda hadi huku juu Kibosho. Tunajua umetikisika njiani. Pole sana.

Shule hii ilianza mwaka 2006, wakati wa MMES, mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari, kwa madarasa mawili ya mawe tuliyobeba kichwani. Tangu hapo imepaa. Mwaka jana kwenye mtihani wa taifa tulipata daraja la kwanza moja, wakati mwaka juzi hatukuwa nalo kabisa, na netiboli yetu ilitikisa michezo ya sekondari, UMISSETA, ngazi ya kata. Mengine yamo kwenye nakala yako, maana muda wako ni mali.

Mheshimiwa, tatizo letu ni usafiri. Masika ya mwaka juzi maji yaliondoka na kalavati, na tangu hapo gari za abiria aina ya Noah zinaishia ng'ambo. Watoto wa vitongoji vya chini hutoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, giza totoro. Wa kike wanasindikizwa na baba zao hadi mtoni, na baba akisafiri mtoto hasomi siku hiyo.

Tunaishukuru Serikali kwa elimu bila ada tangu 2016. Lakini bodaboda kutoka lami hadi hapa ni shilingi 3,000, na mzazi mwenye watoto wawili anajua ada ilihamia wapi. Nauli nafuu ya mwanafunzi iliyopangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, nayo tunaifahamu. Shida ni kwamba punguzo lile linatoka mfukoni mwa mwenye gari, hakuna anayemfidia, kwa hiyo kondakta akiona sare anageuza uso. Hatumlaumu sana, naye ana hesabu ya bosi jioni. Wazee ni hivyo hivyo: sera ya wazee imewapa wasio na uwezo matibabu bila malipo, ila usafiri wa kufika hospitali ya Mawenzi hakuna aliyewapa. Wapo waliobebwa kwa machela hadi ng'ambo.

Mheshimiwa, ombi hili si geni. Mgeni rasmi wa mwaka juzi alilipokea papa hapa, akasema kalavati litakuwa tayari kabla ya Krismasi. Hakutaja Krismasi ipi. Wa mwaka jana alileta wapimaji, wakapiga vigingi na kuchora alama nyekundu kwenye kibanda cha bibi mmoja, ambaye mpaka leo haezeki upya akingoja kubomolewa. Vigingi vimetusaidia, tunafungia mbuzi.

Tumeambiwa fedha hakuna. Kwa heshima kubwa tunakumbusha kwamba tangu 2021 kila lita ya petroli na dizeli imeongezwa shilingi 100 kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Vijana wetu wa bodaboda wanajaza mafuta kila siku. Sisi mchango wetu tunaona tumeshatoa.

Kwa hiyo tunaomba kalavati lijengwe kabla ya masika, na katika bajeti ya Julai liwekwe fungu la kumlipa mwenye gari pengo la nauli za wanafunzi na wazee, ili awabebe kama abiria wengine. Wazazi tumeshakusanya mawe na mchanga, vipo kando ya mto, njoo uvihesabu. Mheshimiwa, hatuombi ahadi. Ahadi tunazo za kutosha. Tunaomba tarehe, na jina la mtu wa kumpigia simu tarehe hiyo ikipita.

Mwisho, tumekuandalia zawadi ya beberu na mkungu wa ndizi. Gari lililovileta limeshindwa kuvuka, kwa hiyo vipo ng'ambo. Tunakuomba radhi, na tunakuomba ushuke nasi kwa miguu ukavipokee pale pale kwenye kalavati.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya Kamati ya Wazazi