Daraja la China kwenye ukuta wa darasa

Mhariri,

Nafundisha historia sekondari hapa Tanga. Mwezi uliopita niliazima projekta, nikatumia bando la simu yangu, nikawaonyesha Kidato cha Pili mchoro wa msanii wa China Zhang Zeduan wa karne ya 12, unaoonyesha maisha ya mji kando ya mto na uliohifadhiwa katika Makumbusho ya Kasri, Beijing. Urefu wake unazidi mita 5, lakini kimo hakifiki hata rula ya sentimita 30. Mtandaoni unauvuta karibu hadi unaona watu mmoja mmoja.

Kipindi karibu chote kiliishia darajani. Chombo kinakaribia kugonga daraja, mlingoti bado unashushwa, watu wanapiga kelele, mwingine anarusha kamba. Watoto wa wavuvi ndio walionieleza mimi jinsi mkondo unavyokisukuma chombo ubavu. Kisha wakaona ngamia langoni mwa mji, wachukuzi, vibanda vya chakula. Binti mmoja akauliza watu wale walilipana nini, nikapata nafasi ya kueleza kwamba serikali ya Song, ukoo uliotawala China enzi hizo, ilianza kutoa noti za karatasi mwaka 1024.

Kabla ya siku hiyo, China kwao ilikuwa simu na reli ya TAZARA.

Maelezo niliyoyapata yote yalikuwa ya Kichina na Kiingereza. Naiomba Taasisi ya Elimu Tanzania ikae na walimu pamoja na wanaojua Kichina, iandae maelezo ya Kiswahili tutakayopakua mara moja tu. Bando langu liliisha tukiwa bado langoni, na wanafunzi wananidai sehemu iliyobaki.

Mwalimu wa historia,
Tanga