Kabla ya kulipia safari ya farasi, uliza habari za mgongo wake

Mhariri,

Makala zinazosifia likizo za siku nyingi juu ya farasi, kukatiza nyika na ranchi zilizo mbali na barabara, hutaja machweo, moto wa kambini na ukimya wa usiku. Yote hayo ni kweli na yanastahili sifa. Ila msomaji anamaliza kusoma bila kujua farasi atabeba kilo ngapi, atakunywa wapi na atapumzika lini. Safari ya siku sita au nane ikiharibika, mara nyingi imeharibikia mgongoni mwa farasi, kwenye siku ya tatu hivi, na kidonda cha mgongo hakiponi huku tandiko likiwa juu yake. Naomba nafasi nieleze mambo ya kuuliza kabla ya kulipa na ya kuangalia mkiwa njiani.

La kwanza ni uzito. Kanuni ya zamani ya majeshi ya wapanda farasi, ambayo mpaka leo inafuatwa, ni kwamba farasi asibebe zaidi ya asilimia 20 ya uzito wake. Mwaka 2008 watafiti wa Ohio State University, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwafanyisha kazi farasi wakiwa na mizigo ya asilimia 15, 20, 25 na 30. Kwenye 25 na 30 mapigo ya moyo yalipanda zaidi na maumivu ya misuli yakajitokeza. Sasa piga hesabu. Farasi wa kilo 450 ana haki ya kubebeshwa kilo 90. Tandiko pana la safari ndefu lina kilo 12 hadi 18. Blanketi la chini yake, mifuko ya pembeni, maji na koti la mvua ni kilo 6 nyingine. Anayepanda, pamoja na viatu na kofia yake, amebakiwa na kilo 66 hadi 72 tu. Mtu wa kilo 85, hata kwa tandiko jepesi kabisa, anahitaji farasi wa kilo 515 au zaidi.

Kama hakuna mizani, utepe wa kupimia unatosha. Pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, kwa sentimita. Uzidishe kwa wenyewe, kisha zidisha kwa urefu wa mwili kuanzia ncha ya bega hadi ncha ya tako, halafu gawa kwa 11,880. Kifua cha sentimita 180 na urefu wa 160 vinakupa kilo 436. Mwandaaji ambaye hakuulizi uzito wako unapoweka nafasi hana namna ya kukuchagulia farasi, na kwangu hilo linatosha kumpita. Anayeulizwa naye aseme ukweli. Kilo kumi alizozificha kwenye fomu zitabebwa na mnyama saa sita kila siku.

Wapo watakaosema kwamba farasi wadogo hubeba watu wazima masafa marefu. Mashindano ya Mongol Derby nchini Mongolia, yaliyoanza mwaka 2009, ni ya kilomita 1,000 na farasi wake ni wadogo kweli. Lakini pale mpandaji hubadilisha farasi kila baada ya kilomita 40 hivi, na uzito wake akiwa amevaa una kikomo cha kilo 85. Farasi wa likizo humbeba mgeni yuleyule wiki nzima.

Umri nao uulizwe. Mifupa ya uti wa mgongo wa farasi humaliza kukomaa anapokaribia miaka sita, kwa hiyo wa miaka mitatu au minne hafai kwa kazi hii, hata awe na umbo kubwa namna gani. Mzee mwenye afya ni bora. Msafiri Aimé Tschiffely alipoondoka Buenos Aires mwaka 1925 kuelekea Marekani, farasi wake wawili wa Criollo (aina ya farasi wa Amerika Kusini), Mancha na Gato, walikuwa na umri wa miaka kama 15. Safari iliishia mwaka 1928. Alikuwa akipanda mmoja na kumbebesha mizigo mwingine, kwa zamu.

Kabla tandiko halijawekwa, tazama mgongo. Mabaka ya manyoya meupe pembeni mwa nundu ya mabega (mwinuko ulio kati ya mabega, chini ya shingo) ni alama za vidonda vya zamani: tandiko limewahi kumbana mahali hapo, na huenda ni hilohilo utakalopewa. Pitisha vidole kwa nguvu ya wastani pande zote mbili za uti wa mgongo, kutoka nundu hadi kiunoni. Akididimiza mgongo, akikunja masikio nyuma au akigeuka kutaka kuuma, anaumwa, na asipandwe siku hiyo. Mgeni akishakaa, vidole viwili au vitatu vipite kati ya nundu na tandiko. Ukitazama kutoka nyuma, uone mwanga ukipenya chini yake juu ya uti wa mgongo.

Blanketi huwekwa mbele kidogo ya mahali pake, kisha huvutwa nyuma ili manyoya yalale. Likivutwa kwenda mbele manyoya husimama, na kila kinywele kinakuwa mwiba. Linyanyuliwe pia katikati liingie kwenye uwazi wa tandiko, lisijikaze juu ya nundu. Mshipi wa tumboni unafungwa kwa awamu tatu: kidogo ukiwa bado umeshika hatamu, tena baada ya kumtembeza hatua ishirini, na mara ya mwisho robo saa baada ya kuanza safari, kwa kuwa farasi wengi hujaza pumzi wanapofungwa na kuitoa baadaye. Kabla ya kupanda, vuta kila mguu wa mbele kwenda mbele ili kunyoosha ngozi iliyojikunja chini ya mshipi. Kazi hiyo ya sekunde kumi inazuia michubuko ya kwapani, ambayo ni migumu kupona porini.

Jioni, tandiko likitolewa, soma jasho. Likiwa limelowesha sawasawa pande zote mbili, vema. Ukiona baka kavu katikati ya sehemu iliyolowa, hapo tandiko lilikandamiza kiasi kwamba tezi za jasho zilishindwa kufanya kazi. Kesho yake patavimba. Mifuko ya pembeni ipimwe, kwa sababu tofauti ndogo tu ya uzito inavuta tandiko upande mmoja siku nzima. Anayepanda atumie jiwe, kisiki au mwinuko wa ardhi, maana kupanda kutoka chini kila mara, mguu mmoja kwenye kikuku (pete ya kukanyagia iliyo kwenye tandiko), kunalipotosha tandiko juu ya mgongo. Na kila saa ashuke aongoze farasi kwa miguu dakika kumi, hasa kwenye miteremko mirefu. Magoti ya mgeni nayo yatashukuru.

Kuhusu mwendo: kutembea kwa kawaida ni kilomita 6 hivi kwa saa, mwendo wa matiti, yaani mbio za polepole, ni kama 13, na shoti hupita 20. Siku nzuri ni kilomita 25 hadi 35, sehemu kubwa kwa kutembea. Saa ya kwanza mtembee, na kilomita za mwisho mtembee, ili farasi afike kambini akiwa amepoa. Shoti ni tamu, lakini mchanga mzito unaumiza kano za miguu na mawe yanaumiza kwato, hivyo mwongozaji anayekataa kukimbia mahali fulani anajua kazi yake. Kila asubuhi papasa miguu yote minne. Joto au uvimbe katika mguu mmoja tu ni onyo, ilhali uvimbe kidogo wa miguu yote baada ya usiku wa kufungwa mara nyingi huisha akianza kutembea. Kwato zisafishwe asubuhi na jioni, na vyuma viwe vimepigiliwa muda si mrefu kabla ya safari, kwa kuwa baada ya wiki sita hadi nane kwato zinakuwa zimekua na misumari imelegea.

Farasi asiyefanya kazi hunywa lita 25 hadi 45 kwa siku. Akibeba mtu kwenye joto anaweza kupita 60. Hapa kuna kosa ambalo wageni hulifanya bila kujua. Farasi ni mnyama wa kundi. Wenzake wakianza kuondoka mtoni yeye huacha kunywa na kuwafuata, hata kama kiu haijaisha, na akirudia hivyo siku mbili mfululizo kinyesi kinakauka tumboni. Kwa hiyo hakuna anayeondoka majini mpaka wa mwisho anyanyue kichwa. Kupima upungufu wa maji, finya ngozi ya shingo na uiachie: isiporudi upesi, amekauka. Bonyeza ufizi kwa kidole. Rangi irudi ndani ya sekunde mbili.

Chakula chake ni nyasi, kama kilo 9 zilizokauka kwa siku kwa farasi wa kilo 450, na anahitaji saa nyingi za kula. Kambi ifikiwe mapema ili alishwe kabla ya giza. Nafaka isizidi kilo 2 kwa mlo. Siku ya mapumziko ipunguzwe sana, ingawa wengi hufanya kinyume kwa huruma. Farasi aliyezoea kazi nzito akishiba nafaka huku amesimama, kesho yake baada ya mwendo mfupi misuli ya kiuno na mapaja inaweza kukakamaa, akakataa kusogea na kukojoa mkojo mweusi. Akifika hapo asilazimishwe hata hatua moja.

Msokoto wa tumbo ndio unaoua. Farasi hawezi kutapika. Ukimwona haji kula, anatazama ubavu wake, anakwangua ardhi, analala na kuinuka, muite mwongozaji papo hapo, hata kama ni usiku wa manane. Mapigo ya moyo ya farasi aliyetulia ni 28 hadi 44 kwa dakika, na yakibaki juu ya 60 hali ni mbaya. Uliza mapema: daktari wa mifugo yuko umbali gani, na simu ya setilaiti ipo?

Kuvuka mto kuna taratibu zake. Kamba yoyote inayokizuia kichwa cha farasi kupanda juu ifunguliwe kabla ya kuingia majini, kwani akianza kuogelea hawezi kuinua pua na atazama. Toa miguu kwenye vikuku kama maji ni marefu, tazama ng'ambo badala ya maji yanayopita, shika manyoya ya shingo na ulegeze hatamu. Farasi anayesimama majini akipigapiga kwa mguu wa mbele anajiandaa kulala, basi msukume mbele mara moja.

Ndani ya ranchi, lango lililokutwa limefungwa lifungwe, na lililokutwa wazi libaki wazi, maana huenda ndiyo njia ya ng'ombe kufika majini. Wote wamsubiri anayefunga. Ng'ombe wenye ndama wazungukwe kwa mbali. Mwongozaji awe na koleo la kukatia seng'enge, kwa kuwa farasi aliyenaswa kwenye waya huvuta mpaka mguu uchanike hadi mfupani. Usiku afungwe kwenye kamba iliyopitishwa juu ya vichwa kati ya miti miwili, kwa fundo linalofunguka ukivuta mara moja. Kamba iwe fupi kiasi kwamba mguu wa mbele hauwezi kuipita. Mahali penye ugonjwa wa virusi uitwao ugonjwa wa farasi wa Afrika (African horse sickness), uulizwe mpango wa chanjo, na farasi wasiachwe jioni kwenye mabonde yenye maji, kwa sababu usubi wanaoueneza huuma kuanzia machweo hadi alfajiri.

Kwa anayepanda nitasema machache. Kofia ngumu ya wapanda farasi, inayokaa vizuri, ambayo haijawahi kupata kishindo cha kuanguka. Viatu vyenye kisigino cha sentimita 2 hivi na soli isiyo na meno makubwa, ili mguu usipenye wala kunasa kwenye kikuku. Suruali isiyo na mshono ndani ya mapaja. Bima inayotaja kwa maandishi kupanda farasi na kuokolewa kutoka porini, kwani nyingi huviacha nje. Na msafara uwe na kiongozi mbele, mwingine nyuma, na angalau farasi mmoja wa akiba.

Huyo wa akiba ndiye swali ambalo ningependa kurasa zako za utalii ziwe zinaliuliza kila mara, kwa sababu ndiye anayeonyesha kitakachofanyika mgongo wa mwenzake ukichubuka siku ya tatu. Baadhi ya waongozaji huongeza blanketi la pili juu ya kidonda. Linazidisha mbano, kama soksi ya pili ndani ya kiatu kinachobana. Farasi wa namna hiyo huvuliwa tandiko, akaongozwa kwa kamba mpaka mwisho wa safari, na mgeni wake akapanda wa akiba. Kama wa akiba hayupo, mgeni aingie kwenye gari la mizigo, au atembee.

Msomaji wako,
Mtunza farasi