Jua likitoka, ndipo tunapoogopa

Piteå, Uswidi

Mpendwa Barasa,

Salamu zako za Loiyangalani, huko kando ya Ziwa Turkana, zimefika. Unauliza kama mitambo ya upepo ya huku haigandi. Mama naye, kila nikimpigia, anauliza kama mimi mwenyewe sigandi. Nyote wawili mmemkosa adui. Baridi tumeizoea. Mafuta ya giaboksi yanapashwa moto, na ikipita digrii 30 chini ya sifuri mtambo unajizima wenyewe. Digrii 25 chini ya sifuri na mbingu safi, hiyo kwetu ni siku nzuri ya kazi.

Siku mbaya ni ya digrii mbili tatu tu chini ya sifuri, wingu limekaa juu ya kilima. Matone yake bado ni maji, ingawa yalipaswa kuwa yameganda. Yakigonga panga, yanaganda papo hapo. Barafu huanzia ukingo wa mbele, hasa nchani kunakokwenda kasi zaidi. Umbo la panga linaharibika, na upepo uleule unatoa umeme kidogo. Mara nyingi tunaigundua barafu kwa upungufu huo wa umeme kabla ya macho kuiona. Mapanga mengine hupulizwa hewa ya moto ndani, mengine yana nyuzi za kaboni zinazopashwa kwa umeme. Naam, tunakula umeme ili tupate umeme.

Kisha jua linatoka, na barafu inaanza kuachia. Kuna kanuni ya zamani: jumlisha kipenyo cha rota, yaani duara la mapanga, na urefu wa mnara, zidisha kwa moja na nusu. Rota ya mita 130, mnara wa mita 110: usikaribie ndani ya mita 360. Mtambo uliosimama hautupi mbali hivyo, lakini mlango wa kuingilia si uko pale pale chini ya mapanga? Mwezi uliopita tulikaa garini muda wa saa tatu tukiutazama mlango huo, ofisi ikipiga simu kuuliza mtambo utawaka lini. Kikadondoka kipande kipana kama meza, ngazini hasa. Simu iliyofuata sikuipokea.

Mabango ya onyo yapo. Wafugaji wa Kisami, wenyeji wa asili wa huku, huyasoma. Reindia wao, wale kulungu wa kaskazini, wapi!

Nitumie picha ya ziwa, na uniambie vumbi la huko linayafanya nini mapanga yenu.

Wako,
Mwakio