Msifute kompyuta nzima kwa ajili ya modi moja

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyeandika kwamba gemu za zamani zinaua kompyuta za vijana, na kwamba dawa yake ni kuzipiga marufuku nyumbani. Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Kisauni. Laptopu zinazoletwa kwangu kwa shtaka hilo nyingi ni nzima kabisa. Kinachokufa ni gemu peke yake, na mara nyingi muuaji ni modi iliyopitwa na wakati. Linaloniuma ni kwamba mashine ikinifikia, imeshapita mikononi mwa fundi mwingine aliyeifomati, akaweka Windows upya na kulipwa pesa zake. Picha za harusi zimekwenda na maji, kazi ya chuo nayo hivyo hivyo, na jioni kijana ameirudisha gemu kutoka flashi ile ile na modi zile zile. Inakufa tena palepale.

Kwa asiyejua, modi ni faili ambazo wapenzi wa gemu huzitengeneza wenyewe ili kubadilisha gari, nguo, barabara au mwendo mzima wa mchezo. Huku kwetu ninayoiona zaidi ni GTA San Andreas, iliyotoka kwa kompyuta mwaka 2005. Vijana wanatia ndani matatu zenye michoro, tuktuk, hata jezi za Bandari. (Gemu yenyewe si ya watoto wadogo, na hapo msomaji wenu nakubaliana naye.) Lakini kijana aliyeweza kuingiza matatu ndani ya San Andreas ameshaanza kujua faili na folda ni nini, na wengi hawakufundishwa na mtu.

Kwanza tutenganishe magonjwa. Mombasa ina joto na hewa ya chumvi, feni hushika kutu na vumbi mapema. Kompyuta ikizimika yote kwa ghafla, au ikitoa skrini ya buluu, shuku joto, chaja au RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi). Lakini kama gemu inajifunga peke yake na kukurudisha kwenye desktopu, huku muziki na programu nyingine zinaendelea, na kila mara inajifungia mahali pamoja, tuseme ukikaribia daraja fulani au gari fulani likitokea, hapo mashine haina lawama. Tafuta modi.

Sababu kubwa ni toleo. Mwaka huo huo wa 2005 kulizuka kashfa Marekani baada ya kugunduliwa mchezo wa ngono uliokuwa umefichwa ndani ya faili za San Andreas. Kampuni ya Rockstar, wenye gemu hiyo, ikatoa kiraka (faili ya kurekebisha gemu) cha 1.01, kisha diski mpya za toleo la 2.0, na njia nyingi za wenye modi zikazibwa. Zikaja baadaye nakala za kuuzwa kwenye intaneti, nazo zina faili kuu tofauti. Modi nyingi, hasa zinazotegemea CLEO (programu ya kuendeshea modi) au zenye faili ya mkia wa .asi, ziliandikwa kwa toleo la 1.0. Zinaingia ndani ya kumbukumbu ya gemu na kubadilisha kitu mahali maalumu panapojulikana kwa namba. Ni kama kumwambia mgeni Kibokoni ahesabu milango mitano kutoka msikitini: nyumba mbili zikibomolewa, atajikuta jikoni kwa watu. Modi ikigusa mahali pasipo pake, Windows inaifunga gemu na kuandika kosa namba 0xc0000005. Watu wakiiona namba hiyo husema ni virusi. Sivyo, programu imegusa sehemu ya kumbukumbu isiyo na ruhusa nayo, basi.

Na Windows yenyewe humtaja mkosaji. Andika eventvwr kwenye sehemu ya kutafutia, fungua “Windows Logs”, halafu “Application”, utafute alama nyekundu ya saa ile gemu ilipokufa. Ndani yake kuna mstari wa “Faulting module name”. Ukikuta hapo jina la faili lenye mkia wa .asi, umempata mshukiwa. Mtoe nje ya folda ujaribu tena. Ukikuta gta_sa.exe, yaani faili kuu ya gemu, ushahidi haujatosha, maana modi mbovu ya gari huifanya gemu yenyewe ionekane na hatia. Hapo soma cleo.log, faili ambamo CLEO huandika inachofanya, na modloader.log kama unatumia Mod Loader, programu nyingine ya kupakia modi. Mistari ya mwisho mara nyingi hukuonyesha ilikuwa ikipakia nini ilipoanguka.

Ukikosa kote, gawa. Toa nusu ya modi, cheza. Ikitulia, mkosaji yumo katika nusu uliyoitoa. Ikianguka, yumo katika iliyobaki. Gawa tena. Kwa modi 32 mizunguko 5 inatosha, badala ya kuzitoa moja moja hadi usiku wa manane. Usizitenganishe zinazotegemeana, na ukumbuke kuna modi mbili ambazo kila moja ni nzuri peke yake lakini haziwezi kukaa nyumba moja. Jambo linalosahauliwa sana ni hili: jaribu kwa kuanza mchezo mpya. Sevu, yaani rekodi ya pale ulipofikia mchezoni, iliyohifadhiwa wakati modi fulani imo inaweza kuiangusha gemu hata modi hiyo ikiisha kutolewa, nawe utakaa unamtafuta mkosaji aliyekwisha ondoka.

Kabla ya yote hayo, nakili folda ya “GTA San Andreas User Files” iliyomo ndani ya Documents. Sevu zote zimo humo. Humo humo kuna faili ya gta_sa.set yenye mipangilio. Gemu ikikataa hata kufunguka, ifute hiyo. Gemu itajitengenezea nyingine. Tena usiiweke gemu ya zamani ndani ya Program Files. Tangu Windows Vista, programu haziruhusiwi kuandika ovyo humo, na modi nyingi hutaka kuandika. Folda yako mwenyewe kwenye C inatosha.

Kama ningeruhusiwa kumwekea kila mtu modi moja tu, ningechagua SilentPatch. Haiongezi gari wala jezi. Inarekebisha kasoro za gemu yenyewe, zikiwemo zinazojitokeza kwenye Windows za sasa. Vifurushi vya “modi zote kwa pamoja” vinavyopitishwa kwa flashi sivipendi hata kidogo. Hakuna ajuaye vimetoka toleo gani, na vingine vina virusi vya kweli.

Kuna mzazi aliyekuja kwangu akiwa ameshauziwa RAM mpya, ameambiwa gemu inaanguka kwa sababu mashine ni dhaifu. Gemu ya mwaka 2005 ni ya biti 32. Kwa kawaida haioni zaidi ya GB 2 za kumbukumbu, na ikirekebishwa faili yake kuu inafika GB 4. Ukiipakia magari ambayo kila moja lina picha kubwa kupita kiasi, itajaa na kuanguka hata ukiweka GB 16. Dawa ni kupunguza magari mazito. Mafundi wenzangu wanalijua hili, na anayelijua akauza RAM kwa sababu hiyo, mimi siiti hiyo kazi.

Wanaoendesha mabasi ya modi kwenye Euro Truck Simulator 2, gemu ya kuendesha malori, shida yao ni ya upande wa pili. Gemu ni ya mwaka 2012 lakini bado inasasishwa, na toleo jipya likija, modi ya basi iliyotengenezwa kwa toleo lililopita inaweza kuiangusha. Makosa yameandikwa kwenye game.log.txt, ndani ya folda ya gemu hiyo katika Documents. Aliyeinunua Steam, duka la gemu la mtandaoni, aibofye gemu kwa kitufe cha kulia cha mausi, aingie “Properties” kisha “Betas”, achague toleo linalolingana na modi yake. Ila anakili kwanza folda ya “profiles”, kwa sababu sevu ya toleo jipya haina uhakika wa kufunguka kwenye toleo la nyuma.

Fundi wa kompyuta,
Kisauni, Mombasa