Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Fani Nyingi, Ukumbi Mmoja

Ndugu wanachama,

Katiba ya chama chetu cha mihadhara inataka mwenyekiti asome taarifa kabla ya uchaguzi, na naona waliotunga kifungu hicho walijua walifanyalo: mkishanisikiliza mtaamua kama mniongezee kipindi au mnipumzishe. Nianze na hesabu kwa kuwa ndizo fupi. Mweka hazina amewagawia taarifa iliyokaguliwa. Chama hakidaiwi, ukumbi tumeendelea kuupata bila malipo, na ada zinaingia kwa kusuasua kama ilivyo desturi. Wanaodaiwa wanajijua, na mweka hazina anawajua zaidi.

Suala zito la mwaka huu ni pendekezo la baadhi yenu la kukigawa chama katika kamati mbili, moja ya sayansi na teknolojia, nyingine ya jamii na lugha, kila moja na mihadhara yake. Hoja zao si za kubeza. Mwanakemia mmoja analalamika kwamba alikaa jioni nzima akisikiliza mjadala wa vina na mizani asiambulie kitu. Mwanahistoria mmoja, ambaye sitamtaja ingawa sote tulimwona, alisinzia mbele ya grafu. Kamati tendaji ilijadili, ikagawanyika, ikaamua suala lije kwenu. Mimi nalipinga, na ushahidi wangu ni mihadhara ya mwaka huu.

Mhadhara uliojaza ukumbi kuliko yote ulikuwa wa chura wa Kihansi. Wengi mnakumbuka kisa kwa juujuu: mradi wa umeme, chura mdogo wa manjano, kelele nyingi. Mwanazuolojia wetu alikieleza kwa utulivu. Chura huyo alijulikana kwa wanasayansi mwaka 1996, kwenye korongo la Mto Kihansi katika safu ya Udzungwa. Makazi yake yote duniani hayakuzidi hekta chache za majani yaliyoloweshwa usiku na mchana na manyunyu ya maporomoko. Hatagi mayai kama vyura wengi, huzaa. Mwaka 2000 maji mengi ya mto yalikwisha kuelekezwa kwenye mitambo ya megawati 180, manyunyu yakakatika na majani yakaanza kukauka. Mwishoni mwa mwaka huo vyura 499 walikusanywa na kusafirishwa hadi bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Korongoni vikafungwa vinyunyizio vya kuiga maporomoko. Vyura waliobaki waliongezeka tena, kisha wakaporomoka ghafla. Kuvu anayeshambulia ngozi za vyura alionekana miongoni mwao. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba chura huyo ametoweka porini, na mwaka 2012 wale waliozaliwa katika bustani za wanyama wakaanza kurudishwa Kihansi.

Mzungumzaji aliposhuka jukwaani nilitarajia maswali ya wanabiolojia. Aliyenyoosha mkono kwanza alikuwa mhandisi wa maji, mtu wa miradi ya umeme maisha yake yote. Alitaka kujua ni lita ngapi kwa sekunde zinazotosha kuyaweka yale majani katika unyevu, na kama hesabu hiyo ilifanywa kabla ya mfereji kuchimbwa au baada. Akafuatia mchumi, akauliza umeme wa maji yanayoachiwa chura una thamani gani na nani anailipa. Kisha daktari akauliza jambo ambalo mimi sikulifikiria kabisa: watu na vifaa vilivyoingia korongoni kuwaokoa vyura, viatu vyao vilisafishwa vipi? Mwanazuolojia alikiri, mbele yetu, kwamba njia aliyoingilia yule kuvu ni suala ambalo wenzake wameligombania sana. Tungekuwa na kamati mbili, mchumi angekuwa chumba kingine siku hiyo.

Mjadala uliokesha ulikuwa wa vinasaba. Machi 2023 jarida la Nature lilitoa uchunguzi wa vinasaba vya kale vya watu 80, wengi wao wakiwa wamezikwa kati ya mwaka 1250 na 1800 katika miji ya pwani kama Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa na Songo Mnara. Miongoni mwa walioongoza kazi hiyo ni Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia Mkenya, na David Reich, mtaalamu wa vinasaba wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Matokeo yake mnayajua: kwa wengi wa watu hao wa pwani, zaidi ya nusu ya asili yao ni ya Kiafrika na imepita hasa kwa akina mama, huku sehemu kubwa ya asili ya upande wa baba ikitoka Uajemi. Mchanganyiko huo ulianza mnamo mwaka 1000. Baada ya 1500 hivi, asili ya Kiarabu inaongezeka.

Ungedhani shauri limekwisha. Masimulizi ya Kilwa yamesema siku zote kuhusu Washirazi, yaani waliotoka Uajemi, na kumbe masimulizi hayo hayakutungwa hewani, ingawa kwa miaka mingi wasomi waliyapuuza. Mwanahistoria wetu (macho wazi safari hii) alifurahi kupita kiasi. Ndipo mwanaakiolojia akauliza: waliozikwa karibu na misikiti, katika makaburi ya matumbawe, walikuwa watu gani? Walikuwa wenye mali. Mvuvi na mkulima wa nyuma ya mji hawamo, au wamo kwa uchache sana. Kisha mwanaisimu akasimama. Kiswahili, alisema, ni ndugu wa Kimijikenda, Kipokomo na Kikomoro katika kundi la Kisabaki. Maneno ya kukopa ni tele, lakini sarufi yake ni ya Kibantu kuanzia ngeli hadi vinyambulisho vya vitenzi. Mababa wa Kiajemi walikuja, watoto wakazungumza lugha ya mama zao. Mtaalamu wa vinasaba aliandika jambo hilo kwenye daftari lake, akasema jedwali lake la kromosomu ya Y, ile mtoto wa kiume anayoirithi kwa baba, halina namna ya kulionyesha. Tulitolewa ukumbini na mlinzi.

Mwalimu wetu wa fizikia alituletea kisa cha Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi Magamba huko Lushoto, Mpemba alitia maziwa ya aiskrimu kwenye jokofu yakiwa bado moto, kwa kuhofia kukosa nafasi, na yakaganda kabla ya maziwa ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, mwalimu wake alimwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu. Hukohuko alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri aliyetoka Chuo Kikuu Dar es Salaam. Wenzake walicheka. Osborne aliporudi aliagiza jambo hilo lipimwe maabara, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. Ubishi haujaisha hadi leo. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza walipima upya na kusema hawaoni ushahidi kwamba maji ya moto hupoa haraka zaidi. Mwaka 2020 maabara moja ya Kanada ilionyesha jambo kama hilo likitokea kweli kwa chembe ndogo sana, si kwa maji.

Swali lililomkwamisha mwalimu lilitoka kwa mwanasheria: saa inasimamishwa wakati gani, barafu ya kwanza inapoonekana au maji yote yanapokuwa yameganda? Mwalimu alisema nusu ya ugomvi wa miaka hamsini imo humo. Na Mpemba mwenyewe? Alisomea uhifadhi wa wanyamapori katika chuo cha Mweka na akafanya kazi ya wanyamapori. Wenye pendekezo waniambie wangemwandikisha kamati gani.

Mengine nayataja kwa haraka. Panyabuku wa Morogoro, wanaofunzwa kunusa mabomu ya ardhini na makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu, walipendwa na wote isipokuwa mwanachama mmoja aliyehamia kiti cha nyuma kwa kuona picha tu. Mhadhara wa mwani wa Zanzibar, zao lililoanza kulimwa kibiashara mwaka 1989, uligusa joto la bahari na vipato vya akina mama, na ulistahili muda mrefu zaidi. Mihadhara miwili haikueleweka. Tatizo halikuwa fani; wazungumzaji waliwasomea wenzao wa idara badala ya kuzungumza nasi, tena kwa slaidi zisizosomeka hata na aliyekaa mbele.

Kwa hiyo kamati tendaji inaleta pendekezo mbadala, ajenda namba 7. Chama kibaki kimoja. Wanaotaka vikundi vidogo vya fani zao waviunde na wakutane wapendavyo, bila kugusa mfuko wa chama. Na kila baada ya mhadhara, maswali matatu ya kwanza yawe ya wasio wa fani ya mzungumzaji, hata kama wanafani wana haraka ya kumsahihisha. Najua wengine wataona kanuni hii ni ya kitoto. Ijaribuni mwaka mmoja kisha muifute.

Ratiba ya mwaka ujao inafunguliwa na gesi ya heliamu ya Rukwa, iliyotangazwa mwaka 2016, na nafasi ya pili bado iko wazi. Ningependa apewe mtu wa muziki au wa sheria za ardhi, kwa kuwa fani hizo hatujazisikia. Majina yafike kwa katibu kabla hamjaondoka leo. Fomu za kugombea uongozi ziko mezani kwake pia, pamoja na daftari la ada.

Mwenyekiti