Kwenye lambo lenye kina, jiwe la hewa lisifike chini

Ndugu Mhariri,

Wafugaji wa samaki wengi wanashauriwa wazamishe jiwe la hewa, yaani kipande chenye vitundu vidogo kinachotoa viputo vya hewa inayosukumwa na pampu, hadi chini kabisa. Kwa bwawa la kuchimbwa lenye kina cha mita moja au moja na nusu, ushauri huo ni sawa. Kwenye lambo au shimo la machimbo lenye mita tano au sita unaua samaki.

Maji ya chini ya lambo ni ya baridi na mazito, na yanaweza kukaa miezi bila kuchanganyika na ya juu. Kinyesi, majani na mabaki ya chakula huozea humo, oksijeni huisha, na gesi inayonuka kama yai viza hujikusanya. Viputo vikianzia chini huyapandisha maji hayo. Oksijeni ya juu huliwa kwa saa chache, na perege huanza kuhema kwenye uso wa maji.

Tafuta kwanza mpaka wa maji hayo. Funga chupa kwenye jiwe la kawaida, itie kizibo chenye uzi, ishushe kwa kamba yenye fundo kila nusu mita. Ikifika kina unachotaka, vuta uzi kizibo kitoke, subiri ijae, ipandishe na upime joto papo hapo. Pima alfajiri, maana jua la mchana huweka juu tabaka la joto linalopotea usiku, nalo litakudanganya. Joto linaposhuka nyuzi moja au zaidi ndani ya nusu mita, au maji yanapoanza kunuka, hapo ndipo mpaka.

Jiwe la hewa likae angalau nusu mita juu yake. Usilisimamishe kwenye nguzo. Lining'inize kwenye dumu tupu la lita 20 lililotiwa nanga, na ulifunge uzito wa kilo mbili tatu kwa sababu mpira wa kupitishia hewa, ukijaa hewa, huelea. Maji yakipungua kiangazi, pima mpaka upya na ufupishe kamba.

Kila mita ya kina huidai pampu shinikizo la baa 0.1 (baa ni kipimo cha shinikizo). Kwa mita mbili ni 0.2, ongeza 0.1 kwa ajili ya mpira na jiwe. Kabla ya kununua pampu, uliza inatoa lita ngapi kwa dakika kwenye baa 0.3, lita zinazoandikwa kwenye boksi mara nyingi ni za pampu isiyo na mzigo. Iwe aina isiyochanganya mafuta na hewa, ikae juu ya usawa wa maji, na mpira uwe na vali ya kuzuia maji kurudi, la sivyo umeme ukikatika maji yataingia kwenye pampu. Iwashe usiku wa manane hadi jua lichomoze, maana oksijeni hufikia kiwango cha chini kabisa karibu na alfajiri.

Maji yakibadilika rangi na kunuka, zima mara moja. Acha kulisha, kisha rusha maji hewani kwa pampu ya umwagiliaji, mdomo wa mpira wa kunyonya ukiwa umefungwa kwenye dumu usizame zaidi ya nusu mita.

Fundi wa mabwawa ya samaki,
Iringa